Bi Mehitabel Grout na Siagi Iliyogoma

Bi Mehitabel Grout alikuwa jirani yangu kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo yote ni wiki tano tu ambazo nilitamani ahame. Watu wa mji wetu wa Ashcombe wanazikumbuka hizo wiki tano. Mimi namkumbuka kwa mengine mengi, na kwa kuwa kalamu ninayo mimi, wao watasubiri.

Alikuwa mfupi, mnene, mwepesi wa miguu. Mumewe, marehemu Obed, aliangukiwa na mwaloni siku ya kwanza ya kukata miti ya ghala lao, na tangu hapo Bi Mehitabel aliishi na ng'ombe mmoja, nguruwe wawili na maoni juu ya kila kitu. Nguruwe aliwasemesha kama watu. Watu, hasa wanaume waliojaribu kumfundisha namna ya kupanga kuni, aliwasemesha kama nguruwe. Nilipofika Ashcombe, bi harusi wa miaka ishirini na mitatu nisiyejua hata kukamua vizuri, alisimama mlangoni kwangu, akaitazama supu yangu ya maboga, akasema, "Hiyo, mwanangu, mpe mumeo siku akiwa na njaa sana." Nilimchukia mpaka jioni. Jioni alirudi na kipande cha nyama ya chumvi, akakitumbukiza mwenyewe kwenye chungu, akaondoka bila kuaga.

Watoto wangu watano walizaliwa mikono yake ikiwa mgongoni kwangu. Wawili tuliwazika. Alipokufa yule wa pili, wanawake wengine walikuja na maneno ya faraja, wakayasema, wakaenda zao. Yeye alikuja na kikapu cha sufu, akakaa pembeni ya moto, akachambua sufu siku tatu bila kuniambia neno. Nilimpenda kwa hilo, na nampenda mpaka leo.

Alikuwa na tabia moja iliyowatia watu kiwewe. Alipenda kusifu. Sisi sote tukimsifu mtoto wa mtu au mnyama wake tunamalizia na "Mungu ambariki", ili sifa isije ikageuka balaa. Bi Mehitabel alisifu halafu akafunga mdomo. "Ndama mzuri huyu!" anasema, kisha kimya. Mwenye ndama anasubiri. Anasubiri tena. Bi Mehitabel ameshafika kwake anapika. Ndama wa Bwana Eliphalet Stroud, jirani yetu wa upande wa mtoni, alisifiwa namna hiyo siku ya Jumanne, na Ijumaa akafa. Stroud hakusahau. Kwamba ndama mwenyewe alikuwa amemeza kamba, hilo alilisahau mapema.

Basi, mwezi wa Oktoba mwaka 1661, siagi yangu iligoma. Nilisuka malai ya maziwa Alhamisi, nikasuka Ijumaa, nikasuka Jumamosi mpaka alasiri, mabega yananiwaka moto, na ndani ya pipa hakuna kitu ila povu. Stroud alikuwa amekuja kumrudishia mume wangu Jabez msumeno wake. Akanitazama ninavyohema, akatikisa kichwa.

"Mama Crowell, hapo unajichosha bure. Kuna mkono wa mtu humo ndani."

"Mkono wa nani?"

"Utamjua sasa hivi. Weka kiatu cha farasi motoni mpaka kiive, ukitumbukize humo. Kitamchoma huko huko aliko. Na wa kwanza kuja mlangoni kwako, ndiye huyo."

Mchungaji wetu alishatukataza mambo hayo mara kadhaa, na hakuna nyumba mjini iliyokosa kiatu cha farasi karibu na moto kwa kazi hiyo hiyo. Nikakichoma changu. Nikakishika kwa koleo, nikakitumbukiza. Malai yakalia chwaa, mvuke ukanipiga usoni, na kabla haujatulia mtu akaingia mlangoni.

Alikuwa Bi Mehitabel. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, na jani la kabichi lilichungulia pembeni.

"Hepzi, nimeungua mwenzio. Nimekuja..."

"Mchawi!" nikapiga kelele. "Mchawi wewe!"

Sikufikiri. Lilinitoka kama kikohozi. Yeye alinitazama, akamtazama Stroud, akakitazama kile kiatu cha farasi kinachodondosha malai kwenye koleo langu. Akageuka akaenda. Na siagi, haikuwa na haya, ikatoka pale pale.

"Umeona?" Stroud akasema. Alichukua kofia yake na kuondoka mbio, na sikuwa na shaka alikuwa anakwenda kusimulia.

Kwetu Sabato huanza Jumamosi jua linapotua, kwa hiyo mpaka Jumatatu sikutoka ila kwenda ibadani, ambako Bi Mehitabel alikaa kwenye benchi la wajane na hakugeuza shingo hata mara moja. Jumatatu asubuhi nikafagia nyuma ya mlango. Nikakuta bamba lake.

Nasema lile bamba la mti lenye mpini mrefu, la kutolea mikate kwenye tanuri. Langu lilivunjika, nikaazima lake, na wiki tatu zilikuwa zimepita. Aliniomba mara mbili nimrudishie, na mara zote mbili nilimjibu, "Kesho." Pale pale nikaelewa yote. Jumamosi, jua linakaribia kutua, Sabato inaingia, mikate iko ndani na yeye hana bamba. Akatia mkono. Wanawake wa huku ndivyo tulivyo, tutaunguza ngozi lakini hatutatoa mkate jua likiwa limeshazama. Alipoungua akaja kwangu kulifuata bamba aokoe mikate iliyobaki, nami nikamwita mchawi.

Nililibeba bamba begani nikavuka uwanja nikilia njia nzima.

"Bi Mehitabel, nisamehe. Mimi mpumbavu."

"Hilo nalijua siku nyingi," akasema. "Lete hapa. Tazama ulivyolikwaruza."

"Lakini umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Kaa ule. Miwili imekuwa mkaa, lakini huu unalika." Akanikatia kwa mkono wa kushoto, kipande kimepinda vibaya. Nilipokuwa nimejaza mdomo akasema, "Shida ni yule Stroud. Amesikia."

Mpaka Jumatano mji mzima ulikuwa umesikia. Watoto walimkimbia njiani. Mke wa mfinyanzi, aliyekuwa karibu kujifungua, alimtumia salamu kwamba safari hii asijisumbue kuja kumzalisha. Na sote tulijua kwamba mwaka uliotangulia, katika mji ulio upande wa chini wa mto, mwanamke alinyongwa kwa maneno yaliyoanza hivi hivi, jikoni kwa jirani, habari za maziwa. Hakuna aliyelitaja. Tulilijua tu.

Alhamisi konstebo akafika kwetu na karatasi. Mehitabel Grout, mjane, anamshtaki Jabez Crowell na mkewe Hepzibah kwa kashfa, kwamba huyo mke amemwita mchawi mbele ya shahidi. Mume huunganishwa kwa sababu mke hashtakiwi peke yake, hata kama mdomo uliosema ni wake peke yake.

Mori ulinipanda. Nilivuka uwanja tena, safari hii bila machozi.

"Tumekula mkate pamoja Jumatatu! Ukasema umenisamehe!"

"Nimekusamehe."

"Sasa hii nini?"

"Hiyo ni karatasi. Punguza sauti, nguruwe wamelala."

"Mshtaki Stroud! Yeye ndiye anayetangaza mji mzima!"

"Stroud atasema kasikia kwako. Na kweli kasikia kwako." Alikuwa anamenya boga, amelibana kati ya magoti kwa sababu ya ule mkono mbovu. "Nisikilize, Hepzi. Mtu akiitwa mchawi akanyamaza, watu wanasema amekubali. Mwaka huu wananong'ona. Mwaka kesho anakufa ng'ombe wa mtu, wananifuata na kamba. Msamaha wangu kwako nani atauona? Hukumu inaandikwa kitabuni."

"Ungeniambia kwanza, basi."

"Ungebisha."

"Ningebisha, ndiyo!"

"Haya," akasema, akaendelea kumenya.

Siku iliyofuata Stroud alikuja kwetu, amechana nywele kama mtu aendaye kuposa.

"Msiwe na hofu," alimwambia Jabez. "Kashfa ni kashfa ikiwa ni uongo. Mkeo asimame aseme alichokiona basi. Kiatu cha farasi, mkono ulioungua, siagi kutoka. Mimi nitashuhudia, na habari za ndama wangu ninazo. Ninyi mtatoka mle ndani safi. Bibi yule hatatoka."

Mume wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisubiri Stroud aondoke, akanitazama. "Mdomo ni wako, Hepzi," akasema. "Ulichokianza nao, kimalize nao." Akachukua shoka akaenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Nitasema ukweli, maana wengi wa siku zile wamekufa na sina wa kumficha. Niliwaza kufanya kama Stroud alivyosema. Niliwaza siku nyingi. Kukiri maana yake nisimame mbele ya mji mzima niseme mimi ni mzushi, tena nakaa na vitu vya watu. Nilikuwa na kiburi, na nilikuwa nimeburutwa mahakamani na mtu niliyemhesabu kama mama. Nikajiambia huenda Stroud ana neno. Mkono uliungua kweli, siagi ilitoka kweli. Nilijua vizuri bamba lilikuwa nyuma ya mlango wa nani, na bado nilijiambia hivyo. Wiki nne nzima sikumwamkia Bi Mehitabel, na nilipomwona akichota maji kwa mkono mmoja nilijifanya natafuta kuku.

Mahakama ilikaa mwezi wa Novemba, katika chumba kikubwa cha nyumba ya wageni. Hakimu Winslade alikuwa nyuma ya meza, na watu kumi na wawili wa baraza la kuamua shauri walibanana kwenye mabenchi, makoti yao ya sufu yananuka mvua. Stroud ndiye aliyetangulia kusema. Alieleza kiatu cha farasi, alieleza mkono, akafika kwa ndama.

"Alimsifu, bwana hakimu, na hakusema Mungu ambariki. Huwa hasemi. Muulize mtu yeyote humu ndani."

Minong'ono ikazagaa. Hakimu akamgeukia Bi Mehitabel. "Ni kweli?"

"Kweli."

"Na kwa nini husemi?"

"Amri ya tatu, bwana hakimu. Usilitaje bure jina la Bwana, Mungu wako. Nimeishika tangu utoto, na jina la Mungu silitupi juu ya ndama wa Stroud. Ningemtaja kila nionapo mnyama mnono, ningemtaja mara mia kwa siku, na nusu ya hizo kwa sababu ya tamaa ya nyama."

Mchungaji wetu aliinamisha kichwa akajifanya anakohoa. Hakimu hakucheka.

"Na mkono?"

"Niliungua kwenye tanuri langu."

"Mwanamke wa umri wako, unatia mkono kwenye tanuri?"

"Bamba la kutolea mikate halikuwepo."

"Lilikuwa wapi?"

Bi Mehitabel aligeuka. Alinitazama mimi. Angeweza kusema, lakini yeye ndiye mshtaki, na Stroud angeruka pale pale kusema anatunga. Neno hilo lingekuwa na uzito likitoka kwangu tu. Alijua hivyo, nami nilijua. Likikosa kutoka, watu wale kumi na wawili wangerudi nyumbani wakiamini ule mkono uliunguzwa na kiatu changu cha farasi, na mahakama ya pili isingekuwa ya kashfa.

Nikasimama kabla sijaitwa.

"Lilikuwa kwangu, bwana hakimu. Nyuma ya mlango. Wiki tatu."

"Uliliiba?"

"Niliazima, nikakaa nalo. Aliniomba mara mbili. Ameungua kwa sababu yangu, na siku ile alikuja kulifuata. Hakuniloga mtu."

"Shahidi anasema siagi ilitoka mara ulipotia kile chuma."

"Malai yalikuwa baridi, bwana. Chuma kiliyapasha. Nilikuwa nasukia mlangoni."

"Oktoba, kwenye baridi? Mlangoni kuna nini?"

"Nipate kuona nani anapita."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Jabez akajifunika uso kwa kofia. Nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa nimeshaharibikiwa. "Kila mwanamke hapa anajua malai ya baridi hayatoi siagi. Na mimi nilijua. Ilikuwa rahisi kumtafuta mtu wa kumlaumu kuliko kusogeza pipa karibu na moto."

Watu wa baraza hawakuona haja hata ya kutoka nje kushauriana. Ni kashfa, wakasema. Hakimu akaamuru kwamba Jumapili, baada ya mahubiri, nisimame mbele ya watu wote nisome karatasi iliyoandikwa na karani, na aliyekashifiwa atamke kwa kinywa chake kwamba ameridhika. Asipotamka, shauri halijafungwa.

Hukumu ile ilimsaidia kama alivyotaka. Miaka minane baadaye alihamia kwetu mtu aliyeanza kunong'ona habari za kondoo wake na Bi Mehitabel. Karani alimfungulia kitabu, akamsomea ukurasa, na mtu yule akatafuta jambo jingine la kufanya. Bi Mehitabel alikufa kitandani kwake mwezi wa Februari, ana miaka sabini na tisa, akiwa amelalamikia supu yangu mchana ule ule. Nilimfumba macho mimi. Lakini Bi Mehitabel ninayemwona zaidi ni wa Jumapili ile ya Novemba.

Kulikuwa na baridi ya kuona pumzi ya mtu. Mahubiri yalikwisha, mchungaji akaniita, nikasimama katikati, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Nikasoma haraka, macho kwenye karatasi, nikifikiria tu kurudi kukaa.

"Dada Mehitabel," mchungaji akasema, "umeridhika?"

Alisimama. "Sijaridhika."

Watu wote wakageuka.

"Hujaridhika na nini, dada?"

"Amesoma kama anayefukuzwa na nyuki. Wa nyuma hawakusikia. Asome tena."

"Nadhani wamesikia..."

"Bwana Stroud, umesikia?" aliuliza, bila kugeuka. Kule nyuma Stroud akainamia kofia yake. "Hakusikia," akasema.

Uso ulinichoma. Nimejidhalilisha mahakamani, nimejidhalilisha hapa, na bibi huyu bado hajashiba! Niliinua kichwa nimpe jicho la kumkata.

Ndipo nikamwona. Alikuwa ameshika mgongo wa benchi lililokuwa mbele yake kwa mikono yote miwili, na benchi lilikuwa linatetemeka. Lilitetemeka kiasi kwamba mwanamke aliyelikalia alikuwa ameshajisogeza pembeni. Midomo yake ilikuwa myeupe. Wiki tano alikuwa amenijibu kwa mzaha, amemenya maboga, amemjibu hakimu bila kupepesa, na wiki zote tano alikuwa anaogopa kufa. Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Nilikuwa nafikiria haya zangu.

Nikasoma tena, polepole, kwa sauti ninayoitia ng'ombe wakiwa ng'ambo ya mto. Mimi, Hepzibah Crowell, nilimwita Mehitabel Grout mchawi. Nilisema uongo. Ni mwanamke mcha Mungu, na hajanitendea mimi wala mtu wa nyumba yangu ila mema.

"Umeridhika, dada?"

"Nimeridhika," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akakaa chini ghafla.

Mchungaji akanipa ishara nirudi kwenye benchi langu. Sikurudi. Niliikunja ile karatasi, nikageuka nimtazame Stroud kule nyuma, nikayasema yote mara ya tatu bila kuambiwa na mtu.